Wake Wawili Wasio na Jina: Marabi, Watunzi wa Tenzi na Wahusika Wenye Dosari

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa darasani. Tulikuwa tukifundisha kipindi cha tenzi za kale hapa Kinindo, alasiri moja ya joto, madirisha yakiwa wazi upande wa ziwa. Tulipofika kwenye kisa cha Yusufu na Zulekha, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akasema: "Samahani Mwalimu, huyu Zulekha katoka wapi? Kwenye Biblia yetu hayumo." Mwenzake, aliyesoma madrasa Buyenzi tangu utotoni, akajibu bila kungoja ruhusa: "Hata kwenye Kurani jina hilo halimo. Lakini bibi yangu alikuwa akilitaja kila mara." Darasa likacheka, kisha likagawanyika. Wako waliosema watunzi wametia chumvi, wako waliosema kutia chumvi ndiyo kazi ya mtunzi. Ndipo wa tatu akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku hiyo: "Mwanamke aliyemsingizia mtu hadi akafungwa, kwa nini tumwonee huruma?"

Tuliahidi kulitafutia jibu. Ahadi ni deni, na makala haya ni malipo yake. Tutaonyesha kwamba tabia ya kumpa mkosaji jina, sauti na moyo haikuanzia Lamu wala Pate. Ina historia ndefu inayotupeleka kwa marabi wa Kiyahudi, kisha kwa wafasiri na wasimulizi wa Kiislamu, ndipo ikafika kwa watunzi wetu. Tutawatumia wake wawili ambao maandiko hayakuwapa majina: mke wa Potifa na mke wa Ayubu.

Neno midrashi na ndugu zake

Tuanze na neno, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Marabi ni walimu wa dini ya Kiyahudi ambao, katika karne za kwanza baada ya Kristo, waliufanya ufafanuzi wa Torati kuwa kazi ya maisha. Ufafanuzi wao huitwa midrashi, kutokana na mzizi wa Kiebrania wenye maana ya kutafuta na kuchunguza. Mzizi huo ni wa ukoo mmoja na ule wa Kiarabu uliotupa sisi maneno darasa, madrasa na mudarisi. Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa Buyenzi na rabi wa Galilaya, ingawa hawakujuana, walikaa kwenye mkeka wa neno moja.

Kazi hizo zilikusanywa hatua kwa hatua. Bereshit Rabba, ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo, ilikusanywa Palestina yapata karne ya 5. Talmudi ya Babeli ilifikia umbo lake takriban karne ya 6. Marabi waliamini kwamba katika Torati hakuna neno la bure. Palipo na pengo, pana swali. Na palipo na swali, mwalimu hana ruhusa ya kunyamaza.

Mke wa Potifa mbele ya marabi

Sura ya 39 ya Mwanzo ina aya 23 tu. Mke wa Potifa anaingia katika aya ya 7, anamtaka Yusufu, anakataliwa, analishika vazi lake, anamsingizia, na baada ya aya ya 19 hasikiki tena. Hatuambiwi jina lake wala kilichompata. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu yupo, na bado lake halipo.

Marabi waliuliza kwanza: kwa nini kisa hiki kimefuata mara moja kile cha Tamari na Yuda kilicho katika sura ya 38? Katika sura hiyo Tamari, mjane aliyenyimwa haki yake, anajifanya kahaba ili apate uzao kutoka ukoo wa Yuda. Jibu mojawapo la Bereshit Rabba linashangaza: visa viwili vimewekwa jirani ili tujue kwamba mke wa Potifa naye alikuwa na nia ya namna hiyo. Alikuwa ameona katika nyota kwamba ukoo wake na wa Yusufu ungeungana, ila hakujua kama ni kwa tumbo lake au kwa tumbo la binti yake. Na kweli, katika Mwanzo 41:45 Yusufu anamwoa Asenathi binti Potifera, jina ambalo wafafanuzi hao walilihesabu kuwa ndilo lile la Potifa. Kwa maelezo hayo, mwanamke huyu alisoma sawasawa ujumbe wa nyota lakini akaufasiri vibaya. Dosari yake haikufutwa. Iliongezewa sababu, na mtu mwenye sababu ni mhusika kamili zaidi kuliko mtu mwenye tamaa tupu.

Yusufu naye hakuachwa hivi hivi. Aya ya 11 inasema aliingia nyumbani kufanya kazi yake. Kazi gani? Katika Talmudi, trakti ya Sota, walimu wawili mashuhuri, Rav na Shmueli, wanabishana. Mmoja anasema ni kazi ya kawaida ya nyumba. Mwingine anasema aliingia akiwa na nia ya kumkubalia yule mwanamke, na kilichomzuia ni sura ya baba yake Yakobo iliyomtokea dirishani. Aidha, katika kughani Torati sinagogini, neno la aya ya 8 lenye maana ya kukataa limewekewa alama adimu sana iitwayo shalsheleti, inayomtaka msomaji avute sauti kwa mawimbi marefu. Alama hiyo imetumika mara 4 tu katika Torati nzima. Wafafanuzi wengi wameisikia kama sauti ya mtu anayesitasita: alikataa, lakini haikuwa rahisi. Walimu wa ushairi wataelewa mara moja jinsi lahani inavyoweza kusema jambo ambalo maneno yamelinyamazia.

Hapo ndipo tunapokutana na babu wa swali la darasa letu. Bereshit Rabba inasimulia kwamba bibi mmoja mwungwana alimwendea Rabi Yose na kumwuliza kama inaaminika kijana wa miaka 17, damu ikimchemka, aweze kujizuia hivyo. Kwa maneno mengine, je, waandishi hawakumpamba? Rabi hakumkemea. Alifungua kitabu cha Mwanzo akamsomea kisa cha Reubeni aliyelala na suria wa baba yake, na kisa cha Yuda na Tamari. Hoja yake ilikuwa hii: hao walikuwa watu wazima, katika himaya ya baba yao, na Maandiko hayakuwafichia aibu, basi kijana aliyekuwa peke yake ugenini, angefichiwa kwa sababu gani?

Tunaomba wasomaji walitafakari jibu hilo. Rabi anatetea ukweli wa kitabu kwa kuonyesha dosari za mashujaa wake. Kwake, kitabu kinachotaja makosa ya wakubwa ndicho kinachostahili kuaminiwa kinapotaja wema wao.

Safari ya kisa hadi pwani yetu

Katika Kurani kisa cha Yusufu kimepewa sura nzima, ya 12, yenye aya 111. Mke wa bwana wa Misri bado hana jina, lakini amepewa nafasi kubwa zaidi. Wanawake wa mji wanamsengenya kwa kumpenda mtumwa wake. Anawaalika, anawapa visu, anamwita Yusufu apite mbele yao. Nao kwa kustaajabu wanajikata mikono. Tukio kama hilo linapatikana pia katika midrashi ya Tanhuma, ambamo wanawake wanamenya matunda ya jamii ya limau, kisha mwenyeji wao anawaambia kwa maana hii: ninyi mmemwona mara moja, je, mimi ninayemwona kila siku? Wanazuoni bado wanajadiliana nani alipokea kwa nani, maana vitabu vya pande zote mbili vilichukua muda mrefu kukusanywa na visa vilitembea midomoni kabla ya kuandikwa.

Lisilo na ubishi ni kwamba mazungumzo yalikuwapo. Wasimulizi wa Kiislamu wa mwanzo, akiwemo Wahb ibn Munabbih wa Yemeni, walijulikana kwa kupokea habari za mitume wa kale kutoka kwa Wayahudi na Wakristo. Habari hizo huitwa Israiliyati, na maulamaa hawakuzipokea zote kwa moyo mkunjufu. Aya ya 24 inaposema Yusufu aliona dalili ya Mola wake, al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, ananakili miongoni mwa maelezo mengi kwamba dalili hiyo ilikuwa sura ya baba yake Yaakubu. Ni sura ile ile iliyotokea dirishani katika Talmudi.

Biashara hii ya visa haikwenda upande mmoja. Jina Zulekha lilikua katika mapokeo ya Kiislamu, likapata umaarufu mkubwa katika ushairi wa Kiajemi, hususan kazi ya Jami ya mwaka 1483. Baadaye tunalikuta, kwa umbo la Zelika, katika Sefer ha-Yashar, kitabu cha Kiebrania kilichochapwa Venice mwaka 1625. Wayahudi walikuwa wameazima jina la mhusika wao wenyewe kutoka kwa majirani.

Vitabu vya visa vya mitume, ambavyo mashuhuri zaidi ni kile cha al-Tha'labi aliyefariki mwaka 1035, vilienea popote Uislamu ulipofika, na pwani ya Afrika Mashariki haikuwa kando. Masheha na washairi walivisoma kwa Kiarabu, wakavitunga upya kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, katika bahari ya utenzi: vipande vinne vya mizani nane, na kina cha mwisho kinachoufunga utungo wote kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Utenzi wa Yusufu ni mmoja wa tenzi hizo. Jan Knappert aliushughulikia katika karne ya 20, na mwaka 2020 Annachiara Raia alichapisha utafiti mkubwa unaoichunguza miswada yake na uhusiano wake na vyanzo vya Kiarabu.

Kwa nini utenzi ulifaa kazi hii? Kwa maoni yetu ni kwa sababu beti fupi zinapenda usemi. Mtunzi humwacha mhusika aseme, mwingine ajibu, na hadhira inayosikiliza utungo ukighaniwa hulazimika kumsikia hata yule isiyempenda. Msomaji wa sura ya 39 ya Mwanzo anamwona mke wa Potifa kwa mbali. Msikilizaji wa utenzi anakaa naye chumba kimoja.

Mke wa Ayubu na neno lililogeuzwa

Mfano wa pili ni mfupi lakini unafundisha zaidi. Mke wa Ayubu anasema sentensi moja tu katika kitabu kizima, Ayubu 2:9, ambayo kwa Kiebrania ni maneno sita: anamshangaa mumewe kushikilia ukamilifu wake, na kumshauri amkufuru Mungu akafe. Kwa sentensi hiyo wahubiri wengi wamemhukumu kwa karne nyingi.

Walimu wa lugha wanapaswa kujua kwamba neno la Kiebrania lililo hapo, kwa herufi zake, ni la kubariki. Watafsiri huandika kukufuru kwa sababu wameiona hapo tafsida: mwandishi aliogopa kuliweka neno la laana karibu na jina la Mungu. Huu ni mfano mzuri wa somo la tafsida, na pia ni ukumbusho kwamba mwanamke huyu anahukumiwa kwa kauli ambayo hata maneno yake yanahitaji kufasiriwa.

Wafafanuzi wa kale hawakuridhika na ufupi huo. Wayahudi waliotafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki kabla ya Kristo, au waliokihariri baada yao, walimwongezea hotuba ndefu: anataja watoto aliowazaa kwa uchungu wakapotea bure, na jinsi anavyotangatanga nyumba kwa nyumba kama kibarua, akingoja jua litue apumzike. Katika Wasia wa Ayubu, maandishi ya Kiyahudi ya zama zinazokaribiana na Kristo, anaitwa Sitidosi, naye anakatwa nywele hadharani na Shetani aliyejigeuza mwuza mikate, ili ampatie mumewe mikate mitatu. Talmudi nayo inataja maoni kwamba mke wa Ayubu alikuwa Dina binti Yakobo, yule aliyedhulumiwa Shekemu.

Katika mapokeo ya Kiislamu anaitwa Rahma, nasi tungesema Rehema, na humo pia tunasimuliwa kwamba aliuza nywele zake apate chakula cha mgonjwa. Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1920, umo katika mkondo huo wa mke anayemhudumia mumewe wakati wengine wamemkimbia. Hivyo aliyekuwa na kosa la sentensi moja anapata maisha mazima yanayoizunguka sentensi hiyo. Kauli haikufutwa, sasa tunajua tu ilitoka kinywani mwa nani, akiwa amechoka namna gani.

Mipaka ya huruma

Tusije tukadhani marabi na watunzi walikuwa wapole daima. Esau ni ushahidi. Kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha akilia kwa uchungu baada ya kuporwa baraka, na baadaye akimkimbilia ndugu yake na kumkumbatia. Marabi wengi walimfanya mfano wa Rumi iliyowatesa, wakamrundikia makosa asiyoandikiwa. Hata hivyo, katika Bereshit Rabba hiyo hiyo tunakuta sauti isiyokubali kunyamaza: kilio kimoja ambacho Yakobo alimliza Esau kilidaiwa malipo, na uzao wa Yakobo ulilipa karne nyingi baadaye mjini Shushani, Mordekai alipolia kilio kikubwa cha uchungu. Aliyetunga hoja hiyo alikuwa upande wa Yakobo, lakini machozi ya upande wa pili aliyahesabu.

Kwa Zulekha pia mipaka ipo. Kisa chake mara nyingi kimetumiwa kuwaonya wanaume juu ya hila za wanawake, kana kwamba hila ni ya jinsia moja. Mwalimu anayemfundisha asijifanye halioni hilo.

Jibu kwa mwanafunzi wa tatu

Sasa turudi kwenye deni letu. Kwa nini tumwonee huruma aliyesababisha asiye na hatia afungwe?

Jibu tulilipata katika Kurani 12:50 na 51. Mfalme anapotuma Yusufu atolewe gerezani, Yusufu hakubali kutoka kwanza. Anataka habari ya wanawake waliojikata mikono ichunguzwe. Hapo mke wa bwana anakiri mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemtaka, na kwamba Yusufu ni mkweli. Maneno yanayofuata, ya nafsi isiyojitakasa kwa kuwa nafsi huamrisha maovu, wafasiri wametofautiana ni ya nani. Al-Tabari anayaweka kinywani mwa Yusufu; Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, anaona ni ya mwanamke. Tukimfuata Ibn Kathir, mojawapo ya kauli nzito kuhusu udhaifu wa binadamu imesemwa na mkosaji mwenyewe, akijisema yeye mwenyewe.

Marabi nao walimheshimu Yuda kwa sababu iyo hiyo. Katika Mwanzo 38:26 anakiri hadharani kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, na Talmudi inamsifu kwa ungamo hilo. Basi huruma ya wafafanuzi hawa haimpiti aliyedhulumiwa ili imfikie mkosaji. Inapita kwanza kwenye ukweli: Yusufu atolewe akiwa amesafishwa, Tamari asichomwe moto, ndipo tuulize aliyekosa alikuwa mtu wa namna gani. Huruma inayotangulia ungamo ni dhuluma ya pili; ungamo lisilofuatwa na huruma halina mtu wa kulipokea.

Swali hili si la vitabuni tu kwa sisi tunaofundisha Burundi. Wanafunzi wetu ni watoto na wajukuu wa watu walioiona miaka ya 1972 na 1993, na tangu Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 nchi yetu imekuwa ikitafuta namna ya kuyasema yaliyotendeka. Katika kila mtaa yupo mtu anayeitwa kwa kosa lake tu, na yupo anayesubiri kosa alilotendewa litajwe. Mababu zetu walikuwa na Bashingantahe, wazee waliosikiliza pande zote mbili kabla ya kutoa neno. Kusikiliza hakukuwa kusamehe, wala hakukuwa kufuta. Kulikuwa kukubali kwamba mshtakiwa naye ana kinywa.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, tunaposahihisha mitihani, tuache kuridhika na jibu kwamba fulani ni mhusika mwovu. Tumwulize mwanafunzi: mhusika huyu anataka nini, anaogopa nini, na nani amemnyima nafasi ya kusema?

Pili, tuvisome visa hivi kwa kuvilinganisha. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969 zinapatikana, na zote ni Kiswahili cha kufundishia. Mwanafunzi Mkristo na mwenzake Mwislamu wakikaa dawati moja, kila mmoja akiwa na kitabu chake, watajifunza msamiati na adabu kwa pamoja. Mwalimu aeleze wazi lipi ni andiko, lipi ni ufafanuzi na lipi ni utunzi, asije akachanganya ngazi hizo na kuwakwaza waumini.

Tatu, tuwape wanafunzi kazi ya kutunga. Beti kumi tu za utenzi, wampe sauti mhusika asiye na jina. Sharti liwe moja: kosa lake lisifutwe.

Hitimisho

Tulipokirudia kipindi hicho wiki iliyofuata, tulimpa mwanafunzi wa tatu kazi ya beti kumi. Alimwandika mke wa Potifa usiku wa siku ile Yusufu alipopelekwa gerezani, akiwa ameketi na lile vazi mkononi, hajui alitupe au alihifadhi. Mizani ilipungua mahali pawili na kina kimoja kilikataa. Tulimpa alama zake kwa haki. Aliporudishiwa daftari alituambia kwamba bado hamwonei huruma, lakini sasa anamjua. Kwa mwalimu wa fasihi, hilo latosha kwa muhula mmoja.